Kukausha Mti wa Mkahawa kwa Ajili ya Mipini ya Visu

Katika vihamba vya Moshi, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, mikahawa iliyozeeka inapong'olewa huishia jikoni kama kuni. Jambo hilo hunisikitisha, kwa maana mti wa mkahawa ni mgumu, una nyuzi zilizobanana, na hung'aa vizuri ukipigwa msasa. Mgrevilea, mti wa kivuli unaopandwa kati ya kahawa, ni laini mno kwa mpini, nauachia samani.

Chagua shina lililonyooka lenye unene wa sentimita 8 au zaidi, ulikate wakati wa kiangazi, kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Siku hiyohiyo paka nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta kwenye ncha zote mbili, kwa sababu maji hutoka nchani kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, na ncha ikitangulia kukauka hupasuka. Kisha lichane kwa urefu, msumeno ukipita katikati ya kiini chenyewe. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayoponya kazi: mti husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, hivyo gogo lililoachwa zima hujipasua lenyewe mahali ambapo hukupataka.

Toa vipande vya unene wa sentimita 3, uvipange kivulini penye upepo, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vikavu. Nyumbani kwetu mipini ya majembe iliwekwa darini juu ya meko, na moshi uliwafukuza wadudu kweli, ila vipande vyembamba kama hivi hupinda kwa joto lile.

Usikisie ukavu kwa kugusa. Pima kila kipande kwa mzani wa jikoni mara moja kwa wiki mbili, ukiandika gramu kwa penseli juu yake. Uzito usipobadilika mara tatu mfululizo, kimekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali hapo. Kwa unene huo, tarajia mwaka mmoja hivi. Kipande kilichokauka Marangu, kwenye ubaridi na ukungu, bado kitasinyaa kidogo kikishushwa mjini, kwa hiyo kikae wiki kadhaa mahali kisu kitakapotumika kabla ya kukifunga.

Kwa kisu chenye msuka mpana, yaani ile sehemu ya bapa inayoshikwa na mpini, chana kipande kimoja kuwa mbao mbili ili rangi zake zifanane pande zote. Toboa matundu, gundisha kwa epoksi, pitisha ribiti za shaba, kisha chonga kwa tupa na umalizie kwa msasa namba 120, 240 na 400. Paka mafuta ya kitani mara tatu, kila mara kidogo sana, ukisubiri yakauke. Matambara uliyopakia yaanike nje yakiwa yametandazwa, kamwe usiyarundike, kwani mafuta hayo yanapokauka hutoa joto linaloweza kuyawasha moto yenyewe.