Somo: Mpango wa dharura wa kisima cha gesi, kuanzia upepo hadi mlango wa jirani

Habari zenu wadau. Somo hili nimeliandika kwa afisa usalama anayeanza kazi na kwa viongozi wa vijiji vinavyopakana na visima vya gesi asilia. Nusu ya kazi iko kwa hao wa pili, ingawa ni nadra kuitwa kwenye kikao.

Nianze na Kaixian, China. Usiku wa tarehe 23 Desemba 2003 mafundi walikuwa wanavuta mabomba kutoka kisima cha Luojia 16H. Ukivuta bomba unaacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe tope la kuchorongea, kwa sababu uzito wa tope ndio unaoikalia gesi. Halikujazwa inavyotakiwa, na valvu ya kuzuia gesi isipande ndani ya bomba ilikuwa imeondolewa. Mnamo saa 4 usiku kisima kikafoka, yaani gesi ikatoka kwa nguvu bila kuzuilika. Gesi ile ilikuwa na haidrojeni salfaidi, sumu inayonuka mayai viza, nzito kuliko hewa. Ikateremka mabondeni walikolala wanakijiji. Walikufa watu 243.

Kisima kilikuja kuwashwa moto makusudi kesho yake alasiri, baada ya saa 18 hivi, na hapo ndipo sumu, kwa kuungua, ilipoacha kusambaa. Kila nikipewa mpango wa dharura niukague, natafuta kwanza ukurasa unaosema nani ana mamlaka ya kutoa amri ya kukiwasha usiku uleule.

Hatua ya 1: Ijue gesi yako. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, hapa kwetu Tanzania, ni karibu methani tupu. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa, hupanda, na hatari yake kubwa ni moto: ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15, cheche ya swichi inatosha. Gesi yenye haidrojeni salfaidi ni habari nyingine kabisa. Ikifika sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi ndani ya dakika chache na mtu hudhani harufu imeisha. Kipima gesi ndicho cha kuaminiwa, pua hapana. Mpango wa aina moja ya gesi usinakiliwe kwa nyingine, na nimeona umenakiliwa, hadi jina la mto wa nchi ya watu likabaki ndani.

Hatua ya 2: Chora ramani kwa upepo. Duara kuzunguka kisima ni mwanzo tu. Jimbo la Alberta, Kanada, huhesabu ukubwa wa eneo la tahadhari kwa kiasi cha sumu kinachoweza kutoka. Kanuni zao zilikazwa baada ya kisima cha Lodgepole kufoka mwaka 1982, kikasumbua kwa siku 67 na kuua wafanyakazi wawili. Kwetu pwani ongeza majira: kituo cha kukusanyikia kinachofaa wakati wa kusi kinaweza kuwa ndani ya njia ya gesi wakati wa kaskazi. Weka viwili, kila kimoja na njia yake. Alfajiri upepo wa umande ukivuma kutoka bara, mambo hubadilika tena, kwa hiyo bendera ya upepo iwe mahali inapoonekana kijijini, siyo ndani ya uzio wa kampuni peke yake.

Hatua ya 3: Hesabu watu nyumba kwa nyumba. Mabalozi wa nyumba kumi wanajua nani hawezi kutembea, nani ana pikipiki, nani haisikii honi hata ikipigwa dirishani. Andika pia wasiokuwa nyumbani: wavuvi walioko dago, na wakati wa korosho wale wanaolala mashambani. Orodha hii huchakaa upesi.

Hatua ya 4: Andika nani anaamua. Kwa cheo, na msaidizi wake wa zamu ya usiku. Maamuzi ni matatu: kufunga kisima, kuhamisha watu, kukiwasha moto. Msimamizi wa zamu asisubiri kibali cha makao makuu kwa lolote kati ya hayo, na alama za kumruhusu ziandikwe waziwazi. Mfano: pampu zimezimwa lakini tope bado linatoka kisimani. Hapo anafunga, maelezo baadaye.

Hatua ya 5: Piga simu zote. Zipige kweli. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, orodha ukutani ilikuwa na namba 11. Nne hazikupatikana. Ya mwenyekiti wa kijiji ikapokelewa: "Mimi nimehamia Masasi tangu mwaka juzi, mwanangu." Orodha ilikuwa imewekewa plastiki vizuri kabisa. Zimamoto Tanzania ni 114, lakini jirani atafika kabla yao.

Hatua ya 6: Fanyeni zoezi, na moja liwe la usiku. Katika zoezi letu la kwanza king'ora kililia, mama mmoja akatoka hadi mlangoni, akatazama barabarani, akarudi kukaanga samaki. Alidhani ni gari la wagonjwa. Tangu siku hiyo tunatumia king'ora pamoja na spika ya msikiti na vijana wa bodaboda wanaopita kutangaza, ila wa bodaboda hawaingii upande gesi inakoelekea, maana injini nayo ni cheche.

Maswali ya wanachama

*Mama Mitungi: Gesi yangu ya jikoni ikivuja naisikia. Ya kisimani kwa nini isinuke?*
Harufu ya mtungi wako imewekwa kiwandani makusudi, dada. Methani inayotoka ardhini haina harufu.

*Mdau wa Kilwa: Tukimbilie upande gani?*
Usikimbie na upepo, gesi itakufuata. Ukate kwa ubavu hadi utoke kwenye njia yake, kisha uzunguke uende unakotoka upepo. Kama ni gesi nzito, panda mlimani.

*Fundi Rajabu: Wenzetu wanashauri kujifungia ndani. Inafaa?*
Kwa nyumba inayozibika, na wingu la muda mfupi, inafaa. Nyumba ya makuti yenye uwazi juu ya ukuta haizibiki, kaka. Vijiji vya namna hiyo vihamishwe mapema zaidi, na mpango useme hivyo.

*Mwanafunzi wa VETA: Si wafunge valvu tu, yaishe?*
Ikiwa bomba la kisima limepasuka chini ya ardhi, valvu ya juu haisaidii. Aliso Canyon, California, kisima cha kuhifadhia gesi kilianza kuvuja Oktoba 2015. Walisukuma tope zito mara kadhaa bila mafanikio, ikabidi wachoronge kisima cha pili kukikuta cha kwanza chini kabisa. Kilidhibitiwa Februari 2016, na maelfu ya familia walikuwa wamehama. Kwa hiyo mpango wako uwe na chakula, maji na shule vya miezi, siyo mablanketi ya usiku mmoja.

*Mjumbe wa serikali ya kijiji: Tuliomba mpango, tukaambiwa ni siri ya kampuni.*
Michoro ya kisima waache wabaki nayo, mheshimiwa. Ombeni kwa barua, mkigonga muhuri na kubaki na nakala: ramani ya njia na vituo, sauti ya king'ora ikoje, na namba ya msimamizi wa zamu. Wakileta hiyo namba, mpigieni saa 8 usiku.