Jinsi ya Kuonja Mivinyo ya Kusini mwa Ufaransa: Chupa Tano, Hatua kwa Hatua

Mivinyo ya kusini mwa Ufaransa ni mivinyo ya jua. Kuanzia Châteauneuf-du-Pape karibu na Avignon, ukishuka hadi Bandol kando ya bahari, kisha ukielekea magharibi Languedoc na Roussillon hadi mpaka wa Hispania, zabibu huiva zikajaa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka pombe. Chupa nyekundu za huko mara nyingi zina pombe asilimia 14, na Châteauneuf-du-Pape hufika 15 bila shida. Kwa hiyo swali la kushika tangu chupa ya kwanza hadi ya mwisho ni moja: mvinyo huu umelibeba joto la pombe yake, au joto hilo limeumeza? Wengi wanaoanza hukimbilia kutaja matunda wanayoyanusa. Mimi huwaanzisha na uwiano kati ya pombe, tunda, uchachu na ukakasi. Majina ya matunda yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Panga chupa

Huhitaji chupa za bei ya kutisha, ila chagua zinazotofautiana kweli. Mimi hupanga hivi.

Ya kwanza ni Picpoul de Pinet, mvinyo mweupe mkavu kutoka kando ya wangwa wa Thau, mahali wanapofuga chaza. Ya pili ni Gigondas nyekundu, au jirani yake Châteauneuf-du-Pape kama mfuko unaruhusu. Huko zabibu ya Grenache ndiyo mwenye nyumba. Ya tatu ni Pic Saint-Loup nyekundu, kaskazini mwa Montpellier, ambako Syrah ndiyo inayotawala. Ya nne ni Bandol nyekundu. Sheria yake inataka zabibu ya Mourvèdre isipungue nusu ya mchanganyiko, na mvinyo ukae kwenye mbao angalau miezi 18. Ya tano ni Banyuls, mvinyo mtamu wa Roussillon.

Mpangilio huu usiuvuruge. Ukianza na Bandol, ukakasi wake utabaki kwenye ufizi na Gigondas utauona mwepesi kupita kiasi. Ukianza na Banyuls, sukari itaifanya Picpoul ionekane kama ndimu tupu.

Hatua ya 2: Rekebisha joto

Hapa ndipo chupa nyingi nzuri huharibiwa kwetu. Utasikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Kanuni hiyo ni ya nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, ambazo vyumba vyake vilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa ina nyuzi 28 na zaidi. Katika joto hilo pombe hutangulia kupanda puani, tunda linajificha nyuma yake, na utaulaumu mvinyo usio na kosa.

Weka chupa nyekundu kwenye friji kwa saa moja na nusu hivi, uzionje zikiwa kwenye nyuzi 16 au 17. Picpoul iwe 8 hadi 10, Banyuls 14 hivi. Kipimajoto cha jikoni kinatosha.

Hatua ya 3: Andaa meza

Tumia glasi iliyopanuka chini na kubana mdomoni, zote za aina moja. Waonjaji wengi hutumia glasi ya kipimo cha kimataifa cha ISO 3591 cha mwaka 1977, ambayo hubeba mililita 215 hivi, na humiminwa 50 tu. Nafasi inayobaki ni ya harufu. Weka maji, mkate usio na siagi, karatasi nyeupe na chombo cha kutemea. Kutema ni lazima: kwa mivinyo yenye nguvu hii, ukimeza mbili za mwanzo, hukumu yako juu ya ya nne haina thamani.

Siku hiyo usifukize udi, usijipulizie manukato, na jikoni kusiwe na kitunguu kinachokaangwa.

Hatua ya 4: Tazama, lakini usikawie

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Syrah changa ina wekundu mzito wa kuelekea zambarau. Grenache ina rangi hafifu zaidi na huanza kupata ukingo wa rangi ya matofali mapema, hivyo usidhani kwamba rangi nyepesi maana yake ni mvinyo dhaifu. Gigondas iliyopauka inaweza kuwa na pombe asilimia 15. Mwaka 2001 watafiti huko Bordeaux walichapisha jaribio ambalo mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo wakapewa wanuse. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho huipangia pua la kusema, ndiyo maana mimi hulipatia jicho muda mfupi.

Hatua ya 5: Nusa mara mbili

Mara ya kwanza usitikise glasi. Kama kuna harufu ya gazeti lililolowa au stoo yenye ukungu, kizibo kimeuchafua mvinyo. Weka chupa kando, haiponi.

Kisha zungusha glasi, unuse tena kwa pumzi fupi. Kusini mwa Ufaransa kuna vichaka vya majani makavu yenye harufu, taimu, rosmarini, lavenda, ambavyo wenyeji huviita garrigue. Itafute kwenye Gigondas pamoja na stroberi iliyoiva na zabibu kavu. Kwenye Pic Saint-Loup tafuta zaituni nyeusi, urujuani na pilipili manga. Ponda punje mbili za pilipili manga kwenye kisahani, nusa kisahani, nusa glasi. Ufanano huo haukutokana na mawazo ya waonjaji: mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kiini kimoja, rotundoni, ndicho kinachotoa harufu hiyo katika Syrah na katika pilipili manga yenyewe, na wakakikuta pia kwenye rosmarini na taimu. Katika jaribio lao, mtu mmoja kati ya watano hivi hakuweza kuinusa hata ilipozidishwa. Kama wenzako wanaipata na wewe huipati, endelea bila wasiwasi, pua yako haina tatizo kwa mengine.

Bandol inahitaji uangalifu. Mourvèdre kwa asili yake ina harufu ya ngozi na nyama, na ikiwa changa hujifunga, yaani huficha harufu zake. Lakini kuna chachu iitwayo Brettanomyces inayoweza kuingia kwenye mapipa na kuleta harufu ya zizi la farasi au plasta ya kidonda. Ninavyotofautisha ni hivi: ikiwa chini ya ngozi kuna tunda jeusi lililo hai, ni zabibu inayosema. Ikiwa zizi limefunika kila kitu na mwisho wa kinywa umekauka na kuacha ladha ya chuma, ni chachu.

Hatua ya 6: Onja kwa mpangilio

Piga funda la kijiko kimoja. Lizungushe kinywani lote, vuta hewa kidogo kupitia midomo, tema. Jiulize mambo manne, moja baada ya jingine.

*Uchachu.* Inamisha kichwa uone mate yanavyotiririka pembeni mwa ulimi. Picpoul huyatiririsha mengi, na ndiyo sababu inatangulia: inakupa kipimo cha uchachu utakachokitumia kwa nyekundu zote.

*Ukakasi.* Pitisha ulimi kwenye ufizi wa juu. Ukakasi huletwa na tanini, kiini kinachotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ni uleule wa bibo la korosho, tofauti ni ubora wake. Grenache huacha ukakasi laini, unaoondoka upesi. Mourvèdre huushika ufizi wote, na kwenye Bandol nzuri unakuwa na chembe ndogondogo, zilizosawazika, zisizokwaruza.

*Joto.* Baada ya kutema, pumua nje kwa mdomo. Pombe iliyokaa vizuri inapasha kifua moto kidogo. Iliyozidi inaunguza koo na kuacha uchungu. Hapa ndipo swali letu la mwanzo hujibiwa. Châteauneuf-du-Pape ya asilimia 15 inaweza kuwa na uwiano kuliko mvinyo wa 13, mradi tunda na uchachu vina uzito wa kutosha. Namba ya kwenye lebo haihukumu.

*Urefu.* Hesabu sekunde ambazo ladha inabaki baada ya kutema. Wafaransa wana kipimo chake, caudalie, moja kwa kila sekunde. Hesabu ladha ya tunda na viungo tu. Joto la pombe likibaki peke yake, usilihesabu.

Hatua ya 7: Malizia na Banyuls

Zabibu za Banyuls hulimwa kwenye matuta ya miinuko mikali juu ya Mediterania. Mvinyo ukiwa bado unachacha, huongezwa pombe kali ya zabibu. Chachu inakufa na sehemu ya sukari ya zabibu inabaki. Chupa nyingine huwa zimekomaa kwenye mitungi mikubwa ya kioo iliyoachwa nje juani, na hizo hunukia kakao, kahawa na tini kavu. Ionje na kipande cha chokoleti nyeusi. Angalia kama utamu unafuatwa na ukakasi kidogo wa kuusafisha ulimi. Ukakasi huo usipokuwepo, ni sharubati.

Hatua ya 8: Andika, urudie kesho

Andika kwa maneno yako, muundo (uchachu, ukakasi, joto, urefu) kabla ya harufu. Kwenye daftari langu, Bandol changa husomeka hivi: "Uchachu wa wastani. Ukakasi mwingi, laini. Joto limebebwa. Urefu 10. Forosadi, ngozi, taimu. Imejifunga, isubiriwe."

Ziba kila chupa, rudisha kwenye friji, onja tena kesho yake saa ileile. Grenache mara nyingi itakuwa imepoteza tunda, kwa kuwa huathirika haraka na hewa. Mourvèdre hufanya kinyume: hewa ya usiku mmoja huifungua. Ikiwa Bandol yako imependeza zaidi siku ya pili, nunua nyingine ya mwaka huohuo wa mavuno, uilaze mahali penye giza na nyuzi 12 hadi 14, na usiiguse kabla ya miaka minane.