Kabla ya kulinganisha mvua na jirani wakati wa ukavu, kagua chombo

Mvua ikiwa nyingi, tofauti ya milimita 4 kati ya shamba lako na la jirani haina uzito. Kwenye ukavu, hizo 4 huenda ndizo mvua yote ya wiki, na kasoro ndogo ya kipima mvua inatosha kuzifuta.

Wengi hutumia chupa ya plastiki ya lita 2 iliyokatwa juu, shingo ikageuzwa kuwa faneli. Kwa kuwa kitako cha chupa kina mabonde, hutiwa kokoto na maji hadi kwenye mstari wa sifuri. Tatizo linaanzia hapo. Jua likiwaka siku 10, maji yale hushuka chini ya mstari, na mvua ikija, milimita zake za kwanza huishia kuziba pengo. Aliyejazia maji jana ataandika 6, asiyejazia ataandika 2, na wingu lilikuwa lilelile. Rudisha maji kwenye mstari kila asubuhi, hata kama mbingu ni nyeupe.

Njia bora zaidi ni kuacha chupa tupu na kupima kilichoingia kwa bomba la sindano lenye alama za mililita. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 11 una eneo la sentimita za mraba 95, hivyo kila mililita 9.5 ni milimita 1 ya mvua. Ukipata mililita 57, andika 6. Kwa hesabu hii hata vyombo vya ukubwa tofauti vinalinganishika.

Kisha mahali. Chombo kikae mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo chake: mti wa mita 5, umbali wa mita 10. Usikiweke juu ya paa, upepo wa huko hupeperusha matone.

Someni wote saa ileile, tuseme saa 3 asubuhi. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hukusoma weka kistari. Kuchanganya hivi viwili ndiko huharibu daftari nyingi, maana siku iliyosahaulika huhesabiwa kuwa kavu.

Vyombo vikishakuwa sawa, tofauti itakayobaki iaminini. Mvua za radi huanguka kwa mabaka, na mashamba yaliyoachana kilomita 2 yanaweza kupata kiasi tofauti kabisa. Ila msiishie kwenye jumla. Milimita 30 za saa moja kwenye udongo mgumu nyingi hutiririka; 30 za siku tatu huzama. Na manyunyu ya chini ya milimita 5 kwenye udongo mkavu kwa kawaida hurudi hewani kabla ya kufikia mizizi, wakati zao lililofunika ardhi hunywa milimita 4 hadi 6 kwa siku ya jua kali. Kwa hiyo kando ya jumla andikeni pia siku zilizopata milimita 5 au zaidi, na mfululizo mrefu zaidi wa siku kavu.

Mkilingana kwa yote hayo na bado mahindi ya mmoja yananyauka, chimbeni siku moja baada ya mvua, mashamba yote mawili, mpime kwa rula unyevu umeshuka kiasi gani. Linganisheni udongo wa aina moja: mvua ileile hushuka zaidi kwenye kichanga kuliko kwenye mfinyanzi. Udongo ukiwa mmoja na unyevu wa shamba moja ukaishia juu, maji yanapotea juu ya ardhi. Tazameni ukoko (tabaka gumu la juu ya udongo), mteremko na matandazo.