Kukagua Ganda la Risasi Kabla ya Kulijaza Upya

Wawindaji na walenga shabaha wengi wa Marekani hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, na sheria ya shirikisho ya huko haimdai leseni mtu anayejaza kwa matumizi yake binafsi, ingawa anayetaka kuuza ni lazima awe nayo. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania ajue kwamba kwake hali ni tofauti, kwa kuwa kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na maelezo haya hayampi ruhusa yoyote.

Risasi huundwa na vitu vinne: ganda, fataki (kiwashio kidogo kinachopachikwa kwenye kitako cha ganda), baruti na kichwa. Unapofyatua, fataki huungua, baruti huteketea na kichwa huenda zake, na linalobaki mkononi mwako ni ganda peke yake. Anayeanza kazi hii huvutiwa zaidi na baruti na mizani yake, lakini kwa maoni yangu ganda ndilo linalostahili sehemu kubwa ya muda wako, kwa sababu ndilo pekee linaloingia bundukini likiwa limekwisha kuchoka.

Ganda la kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Katika risasi ya .30-06 Springfield, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na ambayo wawindaji wa paa na kulungu wanaitumia hadi leo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha shinikizo ni pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Shinikizo hilo hulitanua ganda likabana kuta za chemba, yaani chumba cha bunduki ambamo risasi hukaa, na kuzuia gesi ya moto isirudi nyuma kuelekea uso wa mfyatuaji, kisha ganda hunywea kidogo ndipo likaweza kutolewa. Ganda lenye ufa au lililopungua unene haliwezi kuifanya kazi hiyo.

Anza kwa kuyatenga maganda kwa aina ya bunduki, kwa kiwanda kilichoyatengeneza na kwa idadi ya mara yaliyokwisha kufyatuliwa, kisha uchungulie ndani ya kila moja kwa tochi. Ukiona kitundu kimoja katikati ya kitako, hilo ni la mtindo wa Boxer na linafaa. Ukiona vitundu viwili vidogo, ni la mtindo wa Berdan, na msumari wa kalibu yako (chombo cha chuma kinacholibana ganda lirudie umbo lake na kuitoa fataki iliyoungua) utavunjika ukijaribu kuisukuma nje fataki yake.

Baada ya hapo yaoshe. Ninapendelea maji ya moto yenye sabuni ya vyombo na asidi ya sitriki kidogo kuliko mashine ya kusugua kwa makapi makavu, kwa kuwa mashine hiyo hutimua vumbi lenye mabaki ya fataki, na fataki nyingi zina madini ya risasi. Neno lenyewe latukumbusha: risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka mtutuni, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usioshee maganda katika karo la jikoni, usile wala kuvuta sigara mezani pa kazi, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kisha yaache maganda yakauke kabisa, kwani unyevu huharibu baruti na fataki.

Sasa kagua kwa utulivu. Ufa kwenye shingo huonekana kwa macho, na chanzo chake ni shaba kukakamaa kwa kutanuliwa na kubanwa mara nyingi. Hatari kubwa zaidi imejificha karibu na kitako. Ganda linapofyatuliwa, sehemu yake ya mbele hushika kuta za chemba huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kwenye komeo, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, na kama kulikuwa na nafasi ya ziada kati ya kitako na komeo, shaba hunyooka na kuwa nyembamba mahali hapo. Kwa nje utaona pete inayong'aa juu kidogo ya kitako. Kwa ndani, nyoosha klipu ya karatasi, ikunje ncha yake, kisha uiburute taratibu ukutani kutoka chini kwenda juu: ncha ikizama kwenye mfereji, ganda hilo limekaribia kukatika vipande viwili. Wakati mwingine mfereji hugundulika kabla pete haijajitokeza, na ndiyo sababu situmii macho pekee.

Mara nyingi kosa hilo huletwa na sisi wajazaji wenyewe, tunapoiteremsha kalibu kupita kiasi na kulirudisha bega la ganda, yaani mteremko ulio chini ya shingo, nyuma mno. Pima ganda lililofyatuliwa katika bunduki yako, kisha rekebisha kalibu ili bega lirudi kiasi cha inchi 0.002 tu, yaani milimita 0.05. Paka mafuta ya kalibu kidogo kabla ya kubana, la sivyo ganda litakwama humo.

Kubana huongeza urefu. Ganda la .30-06 lisizidi inchi 2.494, na likizidi likatwe hadi 2.484, kwa sababu shingo ndefu hubanwa mwishoni mwa chemba, ikakishika kichwa kisitoke kwa wepesi, na shinikizo likapanda. Mwisho, pachika fataki mpya: ikiingia bila kukinza, tundu lake limelegea na ganda halifai tena.

Ganda lililopita ukaguzi huu ndilo litakalopokea baruti, kwa vipimo vya kitabu cha kiwanda kilichoitengeneza baruti hiyo na si kwa vya rafiki, ukiwa na kopo moja tu la baruti mezani, ukianzia kipimo cha chini, na ukimulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa ili uhakikishe kwamba hakuna lililojazwa mara mbili wala lililosahauliwa.

Lililoshindwa usilitupe likiwa zima. Libane shingo kwa koleo hadi libonyee, ili lisije likaokotwa na kurudi katika sanduku la mazima, kisha uandike katika daftari lilifyatuliwa mara ngapi na lilishindwa wapi, kwa sababu ganda moja likionyesha mfereji, yale mengine ya fungu lake yanapaswa kupitishwa klipu upya siku hiyohiyo.