Namna ya Kulinganisha Uundaji wa Bunduki Kongwe za Upepo za Uingereza na Ujerumani

Kwanza, chagua bunduki za daraja moja. Ukiiweka BSA Meteor ya Uingereza, iliyoundwa iuzwe kwa bei nafuu, kando ya Weihrauch HW35 ya Ujerumani, utakuwa umewaonea mafundi wa Birmingham, mji wa kiwanda cha BSA. Mshindani halali wa HW35 ni BSA Airsporter, iliyotoka mwaka 1948, au Webley Mark 3, nayo ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia 1947 hadi 1975.

Pili, hakikisha bunduki haina risasi, wala usiifyatue ikiwa tupu, kwa sababu pistoni itagonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa wa kuipokea.

Tatu, kagua maungio. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo. HW35 hukunjwa mtutu, kwa hiyo ushike mtutu uliofungwa na uusukume kushoto na kulia: bawaba isiyo na kasoro haichezi hata kidogo, na komeo lake hurudi mahali pake kwa mlio mkavu. Airsporter na Mark 3 zina mtutu usiosogea, na risasi hupakiwa kwenye bilula, yaani kizibo cha kuzungushwa, ya chuma yenye umbo la pia, ambayo ilibidi isuguliwe hadi ilingane kabisa na tundu lake. Ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, pakia risasi, tandaza kipande cha karatasi nyembamba juu ya bilula, kisha fyatua. Karatasi ikirushwa, hewa inavuja. Bilula ya Mark 3 ambayo bado haivujishi baada ya miaka 60 ni kazi ya mikono ninayoiheshimu sana.

Nne, pima kifyatulio, na hapa Wajerumani wanashinda waziwazi. Katika Airsporter za mwanzo, jino linaloishikilia pistoni hubeba nguvu yote ya springi, ndiyo maana kifyatulio huwa kizito. Katika mtambo wa kifyatulio wa HW35, uitwao Rekord, wenzo kadhaa huigawa nguvu hiyo, hivyo kidole huachia sehemu ndogo tu.

Mwisho, tenganisha uchakavu na uundaji. Sili ya awali ya plastiki ya pistoni ya Feinwerkbau 124, bunduki nyingine ya Ujerumani, humeguka kwa uzee hata kama haijatumika. Weka mpya, kisha ndipo uihukumu silinda yake.