SOMO: Kugawana gharama za nyumba na marumeti bila mtu mmoja kugeuka benki

Habari wakuu, leo naomba tuongelee hela za ndani ya nyumba, kwa wale mnaoishi wawili watatu au zaidi. Mimi naamini ugomvi mwingi wa marumeti hauanzii kwenye nani katumia zaidi, unaanzia kwa yule mmoja anayetangulia kulipa kila kitu halafu ndo aanze kuwadai wenzake. Akikumbusha anaonekana kero, akinyamaza anaumia yeye, na mwisho wa siku anahama na kinyongo. Kwa hiyo hatua zote hapa chini nimezipanga ili asiwepo mtu anayeikopesha nyumba bila kupenda.

HATUA YA 1: Kaeni mwongee kabla hamjahamia
Orodhesheni gharama zote. Kuna zisizobadilika kama kodi, intaneti na kuzoa taka. Kuna zinazopanda na kushuka kulingana na matumizi, yaani umeme, maji, gesi. Halafu kuna vile vidogo vidogo vya pamoja, sabuni ya vyombo, karatasi za chooni, balbu, hivi watu huvisahau kabisa kwenye orodha na ndo vinaletaga maneno. Andikeni mlichokubaliana sehemu ambayo kila mtu anaiona.

HATUA YA 2: Kodi
Hapa tulieni kidogo. Kama vyumba vinalingana gaweni sawa muendelee na maisha. Kama havilingani pimeni kwa mita. Tuseme nyumba ina mita za mraba 80, vyumba vitatu vinachukua 40 (kimoja 20, kingine 12, cha mwisho 8) na 40 zilizobaki ni sebule, jiko, bafu na korido. Kodi ni 1,200, weka pesa yoyote unayotumia. Nusu ya nyumba ni ya wote, kwa hiyo 600 mnagawana sawa, kila mtu 200. Ile 600 nyingine inafuata ukubwa wa chumba: 300, 180 na 120. Ukijumlisha wa kwanza analipa 500, wa pili 380, wa tatu 320, jumla inarudi 1,200.

Sasa mita hazisemi yote, kuna chumba kina bafu lake, kingine kiko barabarani kelele usiku kucha. Hizo bei za mita zichukueni kama pa kuanzia tu, kila mtu aandike kwenye karatasi bila kuonyesha mwenzie kwa bei hizo angechukua chumba kipi. Wawili wakikigombania kimoja mnakipandisha bei kidogo na kile kilichokosa mtu mnakishusha kwa kiasi hichohicho, mnarudia mpaka kila mtu aandike chumba tofauti. Hii sio mbinu ya kubahatisha, mwaka 1999 mwanahisabati Francis Su alichapisha uthibitisho kwamba kwa masharti ya kawaida tu, upo mgao wa kodi ambao kila mtu anaridhika na chumba chake na hatamani cha mwenzie.

Wapo wanaogawa kwa kipato, mwenye 600 analipa asilimia 60 na mwenye 400 asilimia 40. Kwa wapenzi au ndugu ni sawa, lakini kwa watu mliokutana juzi siishauri maana lazima mtajiane mishahara, na mshahara ukibadilika mnaanza upya.

HATUA YA 3: Umeme na maji
Gaweni kwa vichwa, basi. Ila kifaa kinachokula sana na ni cha mtu mmoja kipigieni hesabu yake. Wati zidisha kwa masaa, gawa kwa 1,000, unapata uniti. Hita ya wati 2,000 ikiwaka masaa 3 kwa siku ni uniti 6, kwa siku 30 ni uniti 180. Balbu ya wati 9 masaa 5 kila siku kwa mwezi mzima haifiki hata uniti 1.5. Kwa hiyo acheni kufukuzana kwa ajili ya taa ya korido, ongeeni na mwenye hita.

HATUA YA 4: Mfuko wa nyumba
Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kila mtu anaweka sehemu yake KABLA bili hazijafika, siku moja kila mwezi, kwenye akaunti au pochi moja ya simu, na bili zote zinalipwa kutoka humo. Mtunzaji hatoi hela yake ya mfukoni hata siku moja, mfuko ukipungua anatangaza na wote wanaongeza. Utunzaji uzunguke, na risiti zipigwe picha ziwekwe kwenye grupu.

HATUA YA 5: Kufunga mwezi
Ikitokea watu wamenunua vitu nje ya mfuko msianze kulipana risiti kwa risiti. Mfano mmoja katoa 210, mwingine 90, wa tatu hajatoa kitu. Jumla 300, fungu la kila mtu ni 100. Wa kwanza anadai 110, wa pili anadaiwa 10, wa tatu 100, miamala miwili tu mmemaliza. Hata mkiwa watano haitazidi minne.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, mwenye chumba kikubwa kamleta mpenzi wake anaishi hapo kabisa. Tunafanyaje?
Jibu: Chumba kinabaki bei ileile, ila sehemu ya pamoja sasa ni ya watu wanne. Kwa mfano wangu ile 600 inakuwa 150 kila mmoja, kwa hiyo wao wawili wanalipa 300 ya chumba na 300 ya pamoja, jumla 600, wengine wanashuka mpaka 330 na 270. Umeme na maji nao wahesabiwe wawili. Kabla ya yote angalieni mkataba kama unaruhusu mtu kuongezeka.

Swali: Nasafiri mwezi mzima, nalipa?
Jibu: Kodi na intaneti unalipa kama kawaida, chumba chako kipo. Maji, umeme na gesi usilipe, ila waambie mapema sio baada ya kurudi.

Swali: Chakula mbona hujakigusa dada?
Jibu: Kweli nimekiruka. Ushauri wangu kila mtu ajinunulie, mchangie vya kabatini tu kama chumvi na mafuta. Mkitaka kupika pamoja fungueni mfuko mwingine kabisa, asiyekula nyumbani asilazimishwe.

Swali: Mmoja wetu haleti kabisa kodi na mkataba tumesaini wote watatu. Mwenye nyumba anaweza kunidai mimi?
Jibu: Inategemea mlichosaini ndugu yangu. Mikataba mingi ya pamoja inamruhusu kudai kodi nzima kwa yeyote kati yenu, halafu nyie mtajuana wenyewe. Usomeni leo. Kama ndivyo ulivyo, muombe mwenye nyumba kila mtu awe na mkataba wake wa chumba, na akikataa mpeni taarifa kwa maandishi mapema kuhusu huyo mwenzenu kabla deni halijafika miezi miwili.