Daktari kakuandikia endoskopi? Soma hii kabla hujaenda

Mimi ni nesi, nimefanya kazi chumba cha endoskopi (kile kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera) miaka kadhaa, na watu wengi ninaowapokea wamekaa na ile karatasi nyumbani wiki na wiki huku wanameza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) za dukani, kisa wameogopa, na wameogopa kwa sababu waliambiwa tu "utaingizwa mpira wenye kamera" wakaachiwa hapo. Inaniuma sana, maana dakika kumi za kuelezwa zingetosha. Basi ngoja nikueleze kama ambavyo ningekueleza tukiwa tumekaa pale kwenye benchi.

Kwanza tuelewane, maumivu ya chembe ya moyo sio lazima yawe vidonda vya tumbo. Inaweza kua gastraitisi (ukuta wa tumbo umewaka tu, hauna kidonda), kiungulia, mawe kwenye nyongo, saa ingine hata moyo wenyewe. Na ile positive ya H. pylori (bakteria anayekaa tumboni) kwenye damu usiisome kama "nina vidonda", kwa sababu kile kipimo kinaonyesha mwili wako umewahi kukutana na huyo bakteria basi, na watu wengi sana wanae tumboni bila kidonda chochote. Yani unaweza ukatibiwa ukapona kabisa na damu ikaendelea kusoma positive kwa miezi. Kipimo cha choo ndo kinakuambia kama bado yupo.

Huyu bakteria waligundua Barry Marshall na Robin Warren kule Australia, na 1984 Marshall akanywa kabisa maji yenye hao bakteria, akaumwa gastraitisi ndani ya siku chache. Mwaka 2005 wakapewa Nobel. Kabla ya hapo watu walikua wanaambiwa vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili, na mtaani mpaka leo bado tunaambiana hivyo hivyo, wakati visababishi vikubwa ni viwili, huyo bakteria na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Kwahiyo daktari akikuuliza unakunywa dawa gani mtajie zote, hata ile ya mgongo unayonunua dukani bila cheti.

Sasa maandalizi. Muulize daktari mapema kama usimamishe omeprazoli, kawaida ni wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki zinatakiwa ziwe zimepita wiki 4, kwa sababu hizi dawa zinamficha bakteria na kipimo kinasoma hayupo kumbe yupo. Usisimamishe mwenyewe kama umewahi kutapika damu au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, hapo mpaka daktari aseme. Mwenye kisukari aulize kuhusu insulini yake, maana atakaa na njaa. Kama miadi ni saa 3 asubuhi, kula chakula chepesi jioni, mwisho saa 2 usiku, na jamani chai ya maziwa ni chakula, uji ni chakula, kila wiki narudisha mtu nyumbani kwa sababu ya kikombe cha chai. Maji matupu kidogo kawaida yanaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, ila fuata ulivyoambiwa hospitali yako.

Siku yenyewe unavua meno ya bandia kama unayo, unapuliziwa ganzi kooni, chungu kidogo, alafu utahisi kama koo limevimba na mate hayamezeki, usishtuke ndo ganzi hiyo. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kiplastiki chenye tundu katikati, mpira unapitia hapo. Unene wake ni kama kidole kidogo, karibu sentimita 1. Sehemu ngumu ni pale unapopita kooni, utahisi kutaka kutapika kwa sekunde chache, na kila mtu anajiuliza nitapumuaje. Utapumua, kwa pua kama kawaida, maana mpira unaenda njia ya chakula, njia ya hewa iko wazi. Pumua taratibu, mate yaache yatiririke usiyameze. Tumbo litajazwa hewa ili lifunguke, utabeua, usione aibu. Dakika 5 mpaka 15 imeisha.

Daktari anaweza kukata kinyama kidogo sana kikapimwe, hausikii maumivu, na kukatwa kinyama haimaanishi una kansa, mara nyingi anamtafuta huyo huyo H. pylori. Ukitoka usile mpaka ganzi iishe, jaribu maji kwanza, yakishuka bila kukupalia ndo ule. Kama ulichomwa sindano ya usingizi njoo na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe gari wala pikipiki mpaka kesho yake.

Ila kama unatapika damu, au choo ni cheusi kinanata kama lami (na hunywi vidonge vya madini chuma, maana navyo vinafanya choo kua cheusi), usisubiri miadi, nenda emajensi leo leo. Chakula kikianza kukwama kifuani, au unapungua kilo bila sababu, sema mapema usogezwe mbele kwenye foleni.

Majibu yakitoka muulize daktari vitu vitatu, kidonda kipo au hakipo, kipo tumboni au kwenye utumbo mwembamba, na bakteria ameonekana? Kama yupo utapewa antibayotiki mbili na omeprazoli, mara nyingi siku 14, na umalize hata kama siku ya tano umepata nafuu. Wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki rudi upime choo, na hizo wiki 2 za mwisho usiguse omeprazoli. Na kama kidonda kilikua kwenye tumbo lenyewe uliza lini unarudia endoskopi, kawaida ni baada ya wiki 6 mpaka 8, kwa sababu kansa ya tumbo inaweza kuanza ikionekana kama kidonda cha kawaida na lazima tuone kimepona kweli.